Je, Ni Vifaa Vingapi Vimeunganishwa kwenye Mtandao wa Biashara Yako?

Jumatatu moja mapema mwaka huu, karani wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Ukunda aliwasha kompyuta ya kaunta kama afanyavyo kila asubuhi. Mafaili yote yalikuwapo, lakini majina yake yalikuwa yamebadilika, na hakuna hata moja lililokubali kufunguka. Kwenye skrini kulikuwa na barua fupi ya Kiingereza: lipa kwa sarafu ya bitcoin, la sivyo usahau data yako.

Mwenye duka, mzee aliyekubali nisimulie kisa chake mradi nisimtaje jina, hakushtuka sana mwanzoni. Alijua ana nakala ya akiba. Kila jioni karani alinakili hesabu za siku kwenye flashi. Lakini flashi hiyo haikuwahi kuchomolewa. Ilikaa nyuma ya kompyuta miezi nenda miezi rudi, na programu iliyoyafunga mafaili ya kompyuta iliyafunga ya flashi pia, kwa wakati ule ule.

Dukani halikuibiwa bati hata moja. Kilichopotea ni daftari la madeni: nani alichukua saruji, nani nondo, mkandarasi gani alilipa nusu na kuahidi salio baada ya kulipwa yeye. "Mwanangu," aliniambia, "bidhaa ninaziona, lakini pesa zangu nyingi ziko kwa watu. Sasa sijui ni watu gani."

Fundi aliyeitwa alifuatilia chanzo. Hakikuwa kwenye kompyuta ya kaunta. Kilikuwa kwenye laptopu ya mpwa wa mwenye duka, mwanafunzi wa chuo aliyekuja likizo, ambaye alikuwa amepakua programu ya kuchora ramani za nyumba iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipiwa. Laptopu ilikuwa imeunganishwa kwenye waifai ya duka. Na kompyuta ya kaunta ilikuwa na folda iliyoachwa wazi, bila nywila, ili karani na mwenye duka waweze kutumiana hesabu kwa urahisi. Programu ile mbaya ilipitia mlango huo huo.

Kwa nini jambo hili liingie katika jarida la kaunti? Kwa sababu biashara ndogo za hapa kwetu, kuanzia Ukunda hadi Kinango na Lunga Lunga, sasa zimebeba kazi zake muhimu ndani ya kompyuta na simu. Ankara za KRA hupitia eTIMS. Malipo huingia kwa M-Pesa. Oda hufika kwa WhatsApp, na mgeni wa Diani huweka chumba mtandaoni kabla hajapanda ndege. Ilhali wafanyabiashara wengi niliozungumza nao wanaamini wadukuzi hutafuta benki na mashirika makubwa tu. Programu za aina hii hazichagui hivyo. Hupita kote na kujaribu kila mlango, na hazijui kama nyuma ya mlango kuna benki au duka la saruji.

Anza kwa kuhesabu

Nilimuuliza mzee huyo ana vifaa vingapi kwenye mtandao wake. Akajibu, "Viwili. Kompyuta ya kaunta na ile ya ofisini." Tulipohesabu pamoja na fundi, tulipata 11: kompyuta mbili, simu tano za wafanyakazi, printa, kisanduku kinachorekodi picha za kamera za usalama, televisheni iliyo ukutani, na tableti ya saluni ya jirani, ambaye aliwahi kuomba nywila ya waifai siku moja umeme ulipopotea kwake na hakuiacha tena. Laptopu ya mpwa ilikuwa imekwisha kuondolewa, la sivyo vingekuwa 12.

Kila kimoja kati ya vifaa hivyo ni mlango. Usipokijua kipo, huwezi kukilinda. Ndiyo maana kazi ya kwanza haihitaji pesa wala fundi: chukua karatasi, zunguka dukani, andika kila kinachotumia mtandao wako, nani anakitumia, na kama kina nywila. Kisha linganisha karatasi hiyo na orodha iliyo ndani ya ruta yenyewe. Ruta ni kile kisanduku chenye taa kinacholeta intaneti. Ukifungua anwani yake kwenye kompyuta (mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko chini ya kisanduku), utaona majina ya vifaa vyote vilivyounganishwa kwa wakati huo. Jina usilolitambua ni la kuulizwa.

Chini ya ruta hiyo hiyo, kwenye kibandiko hicho hicho, huwa pameandikwa jina na nywila ya kuingilia kwenye mipangilio yake. Nywila hiyo si ile ya waifai unayowapa watu. Hii ni ya msimamizi, na anayeijua anaweza kubadilisha chochote. Ruta nyingi za zamani zilitoka kiwandani na maneno yale yale: "admin" na "admin", au "admin" na "1234". Wahalifu wana orodha hizo.

Madhara yake yalionekana wazi mwaka 2016. Programu mbaya iitwayo Mirai ilizunguka kwenye intaneti ikijaribu jozi zaidi ya 60 za majina na nywila za kiwandani kwenye ruta na kamera za usalama. Haikuhitaji ujuzi wa ajabu kwa sababu wenye vifaa hawakuwa wamebadilisha chochote. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, jeshi la vifaa hivyo vya watu wa kawaida lilitumiwa kuizidi nguvu kampuni ya Dyn ya Marekani kwa mafuriko ya maombi, na huduma kama Twitter na Netflix zikakwama kwa saa kadhaa. Wakaazi watakumbuka jinsi huduma za eCitizen zilivyosumbua Julai 2023. Nalo lilikuwa shambulio la kufurisha mtandao kwa maombi kupita kiasi. Mwenye kamera iliyotekwa huenda asijue kamwe. Ataona tu intaneti ni nzito, kisha alaumu kampuni iliyomuuzia.

Kwa hiyo badilisha nywila ya msimamizi wa ruta, na ya kisanduku cha kamera pia. Ukiwa ndani ya mipangilio, hakikisha waifai yako inatumia ulinzi wa WPA2 au WPA3. Kisha tafuta sehemu ya mtandao wa wageni. Ruta nyingi za sasa zinayo, na kwa maoni yangu ndiyo kinga yenye faida kubwa zaidi ambayo wenye mikahawa, saluni na nyumba za wageni hawaitumii. Hutengeneza waifai ya pili, yenye jina na nywila yake, inayompa mteja intaneti bila kumfikisha kwenye kompyuta na printa zako. Simu za wafanyakazi, televisheni na mpwa aliyekuja likizo wote waende huko. Mtandao wa kwanza ubaki na vifaa vya kazi tu.

Nikiri kwamba sisi wanahabari si mfano mwema. Redio niliyoanzia kazi ilikuwa imeandika nywila ya waifai kwa kalamu ya rangi kwenye ukuta wa mapokezi, na mtandao huo ndio uliobeba kompyuta ya kurushia matangazo. Wageni wa vipindi waliipiga picha. Hakuna aliyewaza lolote, nami nikiwemo.

Ujumbe wa "sasisha" unaoahirishwa kila siku

Mwezi Mei 2017, programu iitwayo WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150. Uingereza, hospitali za Huduma ya Taifa ya Afya zililazimika kuahirisha miadi na upasuaji. Ilitumia kasoro iliyokuwa ndani ya Windows, na iliruka yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mtandao mmoja, bila mtu kubofya kitu. Jambo la kusikitisha ni kwamba Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa sasisho la kuziba kasoro hiyo tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi zilizoangukia mkononi mwa WannaCry zilikuwa hazijapokea sasisho hilo.

Najua sababu ya watu kuahirisha. Masasisho hula bando, na huja wakati foleni ya wateja ni ndefu. Suluhisho ni kuyapangia saa: jioni baada ya kufunga, au usiku ikiwa bando lako ni la usiku. Usiyazime kabisa. Simu pia zina masasisho, na vile vile ruta, ambayo hakuna anayeikumbuka.

Hapa kuna jambo linalogusa maduka mengi. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hizo haziachi kufanya kazi. Zinawaka kama kawaida, na hapo ndipo hatari inapojificha, kwa maana kasoro mpya zikigunduliwa hazizibwi tena kama zamani. Kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa mijini haziwezi kupokea Windows 11, kwa kawaida zile zenye kichakataji cha Intel kilichotangulia kizazi cha 8. Ukinunua kompyuta iliyotumika, uliza swali hilo kabla ya kulipa. Kama unayo tayari na huna uwezo wa kuibadilisha, itoe kwenye mtandao wa kazi na uitumie kwa uchapishaji tu, au umwombe fundi akuwekee Linux, ambayo ni bure na bado inapata masasisho.

Programu za kuvunjwa kufuli ndizo ningezipiga marufuku kabisa dukani. Anayeitoa bure programu ambayo wengine wanaiuza hafanyi hivyo kwa huruma, na mara nyingi maelezo yake humtaka mtumiaji azime kinga ya kompyuta kwanza. Hebu fikiria mlinzi anayeombwa aondoke langoni kabla mgeni hajaingia. Windows ina kinga yake yenyewe, Windows Defender, isiyolipiwa. Kwa duka la kawaida inatosha, mradi isizimwe.

Na mtu wa kila siku asitumie akaunti ya msimamizi. Mtengenezee karani akaunti ya kawaida isiyoruhusu kuingiza programu mpya. Atalalamika wiki ya kwanza.

Simu ni kaunta ya pili

Kwa biashara nyingi za kwetu, hasa mama mboga, mawakala wa M-Pesa na wauza samaki, hakuna kompyuta kabisa. Simu ndiyo duka. Humo mna malipo, oda, anwani za wateja na barua pepe, na barua pepe ndiyo ufunguo wa vyote, kwa sababu ukisahau nywila yoyote, kiungo cha kuibadilisha hutumwa huko. Aliyeiteka barua pepe yako hahitaji kuiba kitu kingine.

Simu ya biashara iwe na kufuli ya skrini, na laini iwe na PIN yake. Wengi huweka kufuli ya skrini na kuisahau laini. Mwizi huitoa laini, huiweka kwenye simu nyingine, na misimbo ya uthibitisho huanza kumiminika kwake. Wateja wa Safaricom wanaweza pia kupiga *100*100# ili laini yao isiweze kubadilishwa na mtu mwingine kwa wakala; baada ya hapo italazimu mwenyewe afike kwenye duka la kampuni. Ujumbe wa ulaghai unaweza kuutuma bila malipo kwa 333. Piga *#06#, andika nambari ndefu itakayotokea, na uiweke mahali pengine nje ya simu, kwa sababu ndiyo utakayotakiwa kuitoa polisi wakikuandikia OB.

WhatsApp ya biashara iwekewe uthibitisho wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe. Msimbo mwingine wa tarakimu sita, ule unaotumwa kwa ujumbe mfupi, usimpe mtu yeyote hata akijitambulisha kuwa mwanachama mwenzako wa chama aliyeutuma kwako kwa makosa. Kwa njia hiyo akaunti huchukuliwa, na anwani zako zote huanza kuombwa pesa kwa jina lako.

Programu za simu zichukuliwe kwenye duka rasmi la programu tu. Faili la programu linalotumwa kwenye kundi la WhatsApp, likiahidi mkopo wa haraka au mechi za bure, lisifunguliwe kwenye simu inayopokea malipo. Ikiwezekana simu hiyo isitoke dukani na isiwe ya michezo ya watoto. Mfanyakazi akiacha kazi, badilisha nywila na PIN alizozijua siku hiyo hiyo, hata kama mmeagana kwa wema. Jambo hili huonekana kama kumshuku mtu, na wenye biashara wengi huona haya kulifanya. Lifanye liwe desturi kwa kila anayeondoka, na hakuna atakayelichukua kibinafsi.

Nakala ya akiba isiyoguswa

Turudi kwenye flashi ya Ukunda. Nakala iliyochomekwa muda wote si akiba. Wataalamu hupendekeza nakala tatu za kila jambo muhimu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Kwa duka, maana yake ni hii: mafaili yaliyo kwenye kompyuta, diski ya nje inayochomekwa wakati wa kunakili tu na kulala nyumbani, na nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni. Diski hukuokoa na programu mbaya, ile ya mtandaoni hukuokoa na moto, mafuriko na wezi.

Kisha jaribu kurejesha faili moja, angalau mara moja kwa mwezi. Watu hugundua kwamba nakala zao ni tupu siku wanayozihitaji. Na usisahau kwamba sheria ya kodi inakutaka utunze rekodi za biashara kwa miaka mitano. Kuiambia KRA kwamba kompyuta ilifungwa na wadukuzi hakutazirudisha.

Data ya mteja si mali yako peke yako

Nyumba ya wageni inayopiga nakala ya kitambulisho, zahanati yenye majina ya wagonjwa, shule ya binafsi yenye nambari za wazazi: zote zimeshika data za watu wengine, na zinabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Data hizo zikiangukia mikononi mwa mtu asiyestahili na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, una saa 72 tangu ulipojua kuiarifu Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Faini ya ofisi hiyo inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo.

Kuhusu kujisajili, biashara yenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 haihitajiki kujisajili kwa Kamishna, isipokuwa iwe katika sekta zilizotajwa, zikiwemo afya, elimu na hoteli. Mwenye nyumba ya vyumba vinne Diani asidhani kwamba udogo wake unamwondolea wajibu huo.

Ukivamiwa

Tenganisha kifaa na mtandao mara moja: chomoa waya, zima waifai. Usichomeke flashi wala diski ya akiba kwenye kompyuta hiyo. Piga picha ya ujumbe ulio kwenye skrini kwa simu. Vifaa vingine vilivyo kwenye mtandao vikaguliwe kabla ya kuendelea na kazi, kwa kuwa kilicholia si lazima kiwe ndicho kilichoanza. Nywila zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama.

Usikimbilie kulipa. Anayedai kikombozi hakupi stakabadhi, na wapo waliolipa wasipate kitu. Tangu 2016 kuna mradi wa kimataifa uitwao No More Ransom, ulioanzishwa na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, unaotoa bure funguo za kufungulia mafaili yaliyofungwa na baadhi ya programu hizi. Si zote, lakini ni vyema kuangalia kabla ya kukata tamaa. Ripoti kwa polisi, na pia kwa kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya mtandaoni, KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Mzee wa Ukunda hakulipa. Ufunguo wa mafaili yake haukupatikana, kwa hiyo alianza kulijenga upya daftari la madeni. Alichukua taarifa za M-Pesa za miezi 12, akazioanisha na ankara za eTIMS: bidhaa iliyotoka bila pesa kuonekana ilikuwa deni la mtu. Kisha akawapigia simu wateja mmoja baada ya mwingine. Wengi walikubali na kutaja wenyewe kiasi wanachodaiwa, mafundi wawili wakaja na stakabadhi zao mkononi kumwonyesha. Wengine hawakupokea simu.

Siku hizi karani hunakili hesabu kwenye diski kila jioni, huichomoa, na mwenye duka huenda nayo nyumbani ndani ya mfuko wa kanzu. Saluni ya jirani iko kwenye mtandao wa wageni. Mpwa akija likizo hupewa nywila hiyo hiyo ya wageni, na bado analalamika kwamba ni polepole.